Majeshi Yaliyoondoka, Maofisa Waliobaki

Serikali inapotangaza kwamba inapunguza majeshi yake ugenini, vijana wapendwa, yafaa kuuliza ni nani anayebaki. Katanga yetu inalijua swali hilo tangu zamani.

Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, kambi za Kamina na Kitona zilikuwa bado mikononi mwa Ubelgiji. Siku chache baadaye Force Publique iliasi. Askari wa Ubelgiji wakaingia mijini bila idhini ya serikali ya Lumumba, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga. Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliitaka Ubelgiji iyaondoe majeshi yake. Yakaondoka kweli, kikosi baada ya kikosi. Aliyehesabu askari tu angeridhika.

Lakini gendarmerie ya Katanga iliundwa na maofisa wa Kibelgiji, na wengi wao walibaki, sasa wakiitumikia Katanga. Maofisa wa namna hiyo walikuwapo Lumumba, Mpolo na Okito walipopigwa risasi karibu na Elisabethville, tarehe 17 Januari 1961. Mwezi uliofuata, azimio jipya la Baraza likawataja wazi wale ambao la kwanza halikuwataja: wanajeshi wa kigeni wa kila aina, washauri wa siasa na mamluki.

Mji wetu, wakati huo ukiitwa Jadotville, ulionja matokeo yake. Septemba 1961, askari zaidi ya 150 wa Ayalandi, walioletwa na Umoja wa Mataifa ili kuwalinda Wazungu ambao wengi wao hawakuwataka, walizingirwa hapa na gendarmerie pamoja na mamluki. Walipigana siku tano chini ya Pat Quinlan, hata risasi na maji vilipowaishia wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Filamu ya mwaka 2016 imewapa heshima yao. Ila Wakongo waliokufa upande wa pili, nani anayajua majina yao?

Januari 1963 Umoja wa Mataifa uliingia Jadotville, na kujitenga kukakoma. Askari wake wa mwisho waliondoka Kongo tarehe 30 Juni 1964. Siku kumi baadaye Tshombe akawa waziri mkuu wa nchi nzima. Mamluki wakaitwa tena, na Novemba makomando wa Ubelgiji wakashuka kwa miavuli Stanleyville.