Morrígan: Ibada ya Kisasa kwa Mungu wa Vita wa Wakelti na Msimamo wa Imani Katoliki

Morrígan ni mungu wa kike wa vita na kifo katika masimulizi ya kale ya Ireland, ambaye hutokea mara nyingi katika umbo la kunguru. Katika kisa cha Táin Bó Cúailnge, kinachosimulia vita vya kugombea fahali, anampenda shujaa Cú Chulainn. Anapokataliwa, anamshambulia kwa umbo la samaki aina ya mkunga, kisha mbwa mwitu, kisha mtamba.

Visa hivi vimetufikia kwa mikono ya Wakristo. Hati ya Lebor na hUidre, iliyo na sehemu ya kisa hicho, iliandikwa yapata mwaka 1100 na inahusishwa na monasteri ya Clonmacnoise. Wamonaki walihifadhi kumbukumbu za wazee wao pasipo kuziabudu.

Ibada ya leo si mwendelezo usiokatika wa ile ya kale. Imechipuka katika upagani mamboleo, uliojitokeza hadharani Uingereza baada ya sheria dhidi ya uchawi kufutwa mwaka 1951, kisha ukaenea hadi Marekani na kwingineko. Waabuduo hutenga altare nyumbani, huwasha mishumaa, huweka manyoya ya kunguru na kutoa sadaka ya maziwa au pombe kali. Wengine hupiga ramli. Majira yao makuu ni Samhain, usiku wa kuamkia Sherehe ya Watakatifu Wote. Baadhi huzuru pango la Oweynagat, huko Rathcroghan, linalotajwa pamoja naye katika masimulizi.

Wanatafuta nini? Wengi husema wanatafuta ujasiri: nguvu ya kusimama tena baada ya kudhulumiwa na kukabili kifo bila woga. Kiu hiyo ni ya kweli, nasi hatuna ruhusa ya kuidhihaki.

Tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965 latufundisha kuwaheshimu watu wa dini nyingine. Hata hivyo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2112–2117) yakataza ibada ya miungu, uaguzi na uchawi. Basi Mkatoliki aweza kusoma visa vya Morrígan na kuzuru magofu ya kale, lakini hawezi kumtolea sadaka wala kumwomba. Moyo hauna altare mbili.

Aliyejeruhiwa anayo makimbilio ndani ya Kanisa: Zaburi za maombolezo, ushujaa wa Debora na Yudithi, Mama Maria aliyesimama chini ya Msalaba, na silaha za kiroho anazozitaja Mtume Paulo (rej. Efe 6:10–17).

Kwa wazazi ambao watoto wao wanasoma au kufanya kazi ughaibuni na wamekutana na ibada hii, twashauri hivi: kabla ya kukemea, ulizeni ni jeraha gani linalotafuta dawa. Naye aliyekwisha kutoa sadaka hizo asikate tamaa; mlango wa Sakramenti ya Kitubio u wazi.