Amplifaya ya Gitaa Imekufa? Cheki Hizi Vitu Kabla Umwite Fundi

Shoo ni kesho na amplifaya imenyamaza jii? Tulia msee, anza na zile vitu hazitaki doo mob.

Taa haiwaki? Chomeka chaja ya simu kwa hiyo soketi uone kama stima iko. Ikiwa iko, chomoa amplifaya kabisa, kisha cheki fyuzi mbili: ya ndani ya plagi na ya nyuma ya amplifaya. Iliyoungua, nunua ya ampea zile zile na herufi ile ile. T huungua polepole, F huungua haraka. Usiwahi funga na karatasi ya sigara, utachoma keja. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, shida iko ndani.

Taa inawaka lakini hakuna sauti? Jaribu waya ingine ya gitaa. Kama nyuma kuna matundu ya Send na Return, yaunganishe na waya fupi. Sauti ikirudi, tundu la Return ni chafu.

Bado imekataa? Hapo mwachie fundi, usifungue boksi. Kapasita hushika chaji hata ukishachomoa, na kwa amplifaya ya valvu inaweza kupita volti 300. Hiyo inaua.