Nyumba Yenye Magurudumu

Kuna gari la kukodi ambalo ukilisimamisha jioni linageuka nyumba. Kwetu huwa ni Land Cruiser yenye hema lililokunjwa juu ya paa, ngazi, magodoro, jiko la gesi na madumu ya maji. Wamarekani wana yao makubwa, yenye choo na friji, na familia huyakodi kuzungukia miji midogo ya kusini mwa nchi yao. Hapa, wanaoyakodi wakitokea Mwanza hupita Lamadi na kuingia Serengeti kwa geti la Ndabaka. Ni wachache wanaokunja kulia pale Lamadi kwenda Bariadi.

Sisi wanafunzi wanne tulikunja. Tulitaka kuona mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012 hasa kutoka Shinyanga, kisha tushuke hadi Zagayu, kata ya Wilaya ya Itilima. Tulipofika Zagayu, mzee mmoja aliitikia shikamoo zetu, akalizunguka gari taratibu, akatazama magodoro na sufuria. Halafu akauliza, "Wanangu, mmehamishwa na nani?"

Hakuwa anatania. Kwa mtu wa umri wake, gari lililobeba godoro na sufuria lina historia yake.

Kabla ya miaka ya 1970, kaya za Wasukuma zilikaa mbalimbali, kila boma na ua wake wa minyaa, mashamba yake na ngitili, yaani malisho yaliyofungwa msimu wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Magari makubwa yaliyozoeleka yalikuwa malori ya pamba. Chama kikuu cha ushirika cha Victoria Federation, kilichoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Lori likija kijijini, lilikuja na maana ya fedha.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Operesheni Vijiji ilipofika Shinyanga, lori likapata maana nyingine. Lilipakia vitanda, vyungu, milango na watoto, likavishusha mahali palipopimwa. Kuna sehemu za nchi ambako nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi. Mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa.

Ni kweli kwamba vijiji vilisogeza shule, zahanati na visima karibu na watu. Lakini ngitili hazipakiwi kwenye lori. Nyingi zilibaki nyuma bila mwenye kuzilinda, zikalimwa au zikalishwa hadi udongo ukabaki mtupu. Mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulitumia miaka mingi kuwasaidia wakulima kurudisha kile ambacho mababu zao walikuwa wakikifanya bila mradi.

Upande wa mashariki, hadithi ilikuwa ya mipaka. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 mipaka yake ikapangwa upya, wakaaji wakatakiwa watoke. Mwaka huohuo Bernhard Grzimek alitoa filamu yake kuhusu Serengeti, ambayo ilishinda tuzo ya Oscar na kuwavutia wageni wengi. Neno moja linaeleza umbali uliopo. Kwa mtalii, mbuga ni mahali pa wanyama. Kwa mkulima wa Usukuma, mbuga ni udongo mweusi wa bondeni unaonata mvua ikinyesha, unaozamisha magurudumu na kuotesha mpunga.

Ardhi ilipobana, Wasukuma wengi walihama wenyewe, ng'ombe mbele, mkokoteni nyuma ukiwa na mahindi, kuku na bibi. Walifika Rukwa, Usangu, hadi bonde la Kilombero. Mwaka 2006 serikali ilianza kuwaondoa wafugaji Ihefu, huko Usangu, na wengi wakapelekwa mikoa ya Lindi na Pwani. Kwa mara nyingine, nyumba zikawa juu ya magurudumu.

Kwa hiyo swali la yule mzee ni swali la kihistoria, na ni zuri kuliko mengi tuliyokwenda nayo. Tulimjibu kwamba hatukuhamishwa na mtu, tumelipa wenyewe. Alicheka sana, akatuonyesha pa kuegesha.

Tofauti ya safari na uhamisho haimo ndani ya gari. Mizigo ni ileile: godoro, sufuria, dumu la maji. Imo kwenye karatasi. Mkataba wa kukodi huandikwa tarehe ya kurudisha gari. Waliopakiwa kwenye malori ya Operesheni Vijiji hawakupewa tarehe ya kurudi.