Jinsi ya kuwatangazia wateja wengi kwa baruapepe bila kukiuka sheria

MFANYABIASHARA aliye Kau, kijiji kilicho kando ya Mto Tana karibu na Kipini, eneobunge la Garsen, ana tatizo ambalo mwenzake wa Mombasa au Malindi hana. Wanunuzi hawapiti mlangoni pake.

Katika karne ya 19 Kau ilikuwa mji wa biashara, na mazao yaliteremshwa mtoni hadi baharini. Leo hii anayeuza embe, mchele au asali kutoka eneo hilo hulazimika kumtafuta mnunuzi kwa simu na kwa mtandao.

Chukua mfano wa muuzaji embe aliyekusanya anwani 1,200 za baruapepe: wasimamizi wa hoteli, wenye maduka na familia za mijini. Embe likishaiva haliwezi kungoja. Barua moja ikitumwa asubuhi yaweza kuuza shehena nzima kabla ya jua kutua.

Hata hivyo, barua hiyo hiyo ikitumwa pasi na utaratibu, huenda ikaishia katika kasha la barua taka na kumwingiza mtumaji mashakani kisheria.

Asili ya barua taka

Tangazo la kwanza linalojulikana la aina hii lilitumwa Mei 3, 1978 na Gary Thuerk, afisa wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani. Liliwafikia watu wapatao 400 waliokuwa wakitumia ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti.

Wengi wa waliolipokea walikasirika kwa sababu hawakuwa wameliomba. Mpaka sasa mvutano ni ule ule: anayetuma hulipa kidogo mno, ilhali usumbufu na gharama za kusoma humwangukia anayepokea.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda haki ya faragha. Kwa msingi huo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019, inapiga marufuku kutumia data binafsi kwa ajili ya biashara bila idhini ya wazi ya mwenyewe, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu na mhusika akafahamishwa.

Anwani inayomtambulisha mtu ni data binafsi. Aidha, mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa u juu ya mtumaji, wala si juu ya mlalamishi.

Kanuni za mwaka wa 2021 zinafafanua zaidi. Mteja sharti aelezwe tangu mwanzo kwamba anwani yake itatumiwa kwa matangazo, akubali, na apewe njia rahisi ya kujiondoa isiyomgharimu au inayomgharimu kidogo tu. Akishajiondoa, asitumiwe tena.

Anayekiuka sheria hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho cha chini. Mnamo Septemba 2023, afisi ya Kamishna wa Data ilitoza kampuni ya mikopo, kilabu na shule jumla ya Sh9,375,000 kwa makosa mbalimbali ya kutumia data za watu bila idhini.

Biashara yenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haihitaji kujisajili kwa Kamishna, ila ikiwa katika sekta zilizotajwa na kanuni, mathalan zile ambazo kazi yake kuu ni kutangaza moja kwa moja kwa wateja. Lakini kutosajiliwa si ruhusa ya kupuuza sheria.

Wenye wateja nje ya mipaka wakumbuke kwamba Uganda ilipitisha sheria yake ya data mwaka wa 2019, na Tanzania mwaka wa 2022.

Kuandaa orodha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kando ya kila anwani, andika tarehe iliyotolewa, mahali ilipotolewa na jambo ambalo mteja alikubali kutumiwa.

Msimamizi wa hoteli aliyetoa anwani ili atumiwe stakabadhi ya kreti 20 za embe hajakubali kutumiwa matangazo kila wiki. Muulize kwanza. Vivyo hivyo, usinunue orodha za anwani wala usiazime ya jirani, kwa kuwa watu hao hawakukupa wewe idhini.

Ni muhimu pia kutofautisha tangazo na taarifa ya huduma. Mafuriko yalipokata barabara ya Garsen kuelekea Lamu mnamo Novemba 2023, muuzaji aliyewaarifu waliokwisha kuagiza kwamba mzigo ungechelewa alikuwa akitimiza wajibu wake. Lakini lau angepachika katika taarifa hiyo bei mpya za asali, ingegeuka kuwa tangazo.

Wakati wa kutuma

Kosa linalotendeka mara nyingi ni kuweka anwani zote katika nafasi ya mpokeaji, hivi kwamba kila mteja anaona za wenzake. Anayetuma kwa mkono atumie nafasi ya Bcc, ambayo huficha anwani. Afadhali zaidi ni kutumia huduma maalumu inayomwandikia kila mteja barua yake.

Akaunti ya kawaida ya Gmail huruhusu takriban wapokeaji 500 kwa siku. Mwenye anwani 1,200 hawezi kuzimaliza kwa siku moja, na akilazimisha, akaunti yaweza kufungiwa kwa muda.

Mwenye kikoa chake mwenyewe anapaswa kukiwekea uthibitisho wa SPF, DKIM na DMARC. Hizi ni alama zinazoieleza kampuni inayopokea kwamba barua imetoka kwa mwenye jina hilo, wala si kwa tapeli aliyeliiga. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huzidai zote tatu kwa wanaotuma barua nyingi. Kwa Google, hao ni wanaofikisha barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail. Matangazo yao sharti pia yawe na njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja.

Google humtaka kila mtumaji, mkubwa kwa mdogo, ahakikishe wanaoripoti barua zake kuwa taka hawafiki asilimia 0.3. Kwa orodha ya watu 1,200 wa Gmail, walalamishi wanne tu wanatosha kuvuka kiwango hicho. Kuanzia hapo, hata mteja anayesubiri embe kwa hamu huenda asiione barua.

Barua yenyewe

Kichwa cha barua kiseme kweli: aina ya embe, bei na siku ya kusafirisha. Ndani, taja jina la biashara, nambari ya simu, kiasi kilichopo na namna ya kujiondoa. Picha ziwe chache na nyepesi, kwani wengi husoma kwa simu na hulipia data.

Anayeomba kuondolewa aondolewe mara moja. Anwani zinazorudisha barua zifutwe, na waliokaa mwaka mzima bila kufungua waulizwe iwapo bado wanataka kupokea.

Baada ya kuuliza, huenda muuzaji wa Kau akabaki na anwani 300 kati ya 1,200. Asisikitike. Hao 300 wamekubali kuandikiwa, na msimu wa embe ukifika, barua yake itawafikia.