Mtu mfupi na baiskeli ya umeme ya matairi mapana: vipimo vitatu vya kuuliza kabla ya kutuma pesa

Baiskeli za umeme zenye matairi mapana huonekana sana kwenye video za simu, zikipita juu ya mchanga na tope. Huko Marekani wawindaji huzipenda kwa sababu hazingurumi kama pikipiki wala hazitoi harufu ya petroli ya kumshtua mnyama. Nyama hurudishwa nyumbani kwa tela ndogo inayofungwa nyuma.

Kwetu uwindaji una masharti yake. Tanzania, kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Lakini safari ya kuingia porini na kurudi na mzigo tunaijua vizuri: wafugaji nyuki wa Tabora na Katavi huifanya kwa baiskeli kila msimu wa asali. Ushauri huu unamfaa mtu kama huyo, hasa akiwa mfupi.

Kwa nini ufupi ni jambo kubwa hapa

Baiskeli hizi nyingi zina uzito wa kilo 27 hadi 35, kabla ya mzigo. Ukisimama ghafla mchangani na mguu usifike chini, chombo kinalala upande na wewe pamoja nacho. Ukiwa peke yako porini, kuinua baiskeli ya kilo 30 yenye madumu mawili ya asali si kazi ndogo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nguvu ya mota, uliza kama miguu yako itakanyaga ardhi.

Pima mguu wako kwanza

Simama ukiwa umevaa viatu vya kazi, mgongo ukigusa ukuta. Weka kitabu katikati ya mapaja, kipandishe mpaka kikaze, kisha weka alama ukutani pale juu ya kitabu. Pima kutoka alama hiyo hadi chini. Usitegemee maneno ya muuzaji kwamba baiskeli "inamfaa mtu wa futi tano". Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na miguu tofauti kabisa.

Sasa mwombe muuzaji namba tatu:

1. Urefu wa bomba la juu kutoka chini. Uwe pungufu ya kipimo cha mguu wako kwa sentimita 5 au zaidi. Mguu ukiwa sentimita 70, bomba lisizidi 65. Fremu ya baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, ni rahisi zaidi: mzigo ukiwa kwenye keria huwezi kurusha mguu kwa nyuma, unapitishia mbele.

2. Kimo cha kiti kikiwa kimeshushwa kabisa. Kisizidi kipimo cha mguu wako. Kiti cha chini huchosha magoti ukikanyaga pedeli muda mrefu, lakini mota inasaidia, na kwenye mchanga usalama wa mguu chini unatangulia. Angalia betri ilipo pia. Ikiwa nyuma ya bomba la kiti au chini ya kiti, huenda ikazuia kiti kushuka.

3. Uzito wote, pamoja na betri. Uliza pia betri peke yake ina kilo ngapi na kama inachomoka. Kuichomoa kwanza kunarahisisha kuinua baiskeli.

Gurudumu la inchi 20 au 26?

Tairi pana la inchi 26 kwa 4 lina kimo cha karibu sentimita 75. La inchi 20 kwa 4 lina karibu sentimita 60. Gurudumu dogo huruhusu fremu ya chini na hubeba mzigo chini, jambo zuri kwa mtu mfupi. Kubwa hupita juu ya mizizi na mashimo kwa urahisi zaidi. Aina zote mbili hupita vizuri mchangani ukipunguza upepo. Ukizijaza kama baiskeli ya kawaida, faida ya upana inapotea. Kabla ya kununua, mwulize fundi wako kama tairi na tyubu za upana huo zinapatikana mjini kwenu.

Betri na mzigo

Zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 ina wati-saa 720. Ikitumia wati-saa 15 kwa kilometa, utaenda kilometa 48, lakini mchanga, mlima na mzigo hupunguza sana. Panga safari ya nusu ya umbali unaotangazwa. Paneli ya wati 100 ingehitaji zaidi ya saa saba za jua kali kuijaza, kwa hiyo sola ndogo ya taa za nyumbani haitoshi. Tumia chaja ya betri hiyo tu.

Funga mzigo chini, pande zote mbili za gurudumu, usiurundike juu ya keria. Kumbuka uzito unaoruhusiwa huhesabu na mpandaji. Mkono ukiwa mdogo, hakikisha vidole vinafika kwenye breki, na kwamba ukizibana mota inakata nguvu.

Ukipata nafasi ya kuijaribu, usiishie kwenye lami. Funga kilo 20 nyuma, ingia mchangani, simama, shuka, isukume, kisha panda tena. Ukishindwa hapo mbele ya duka, tafuta nyingine.