Watoto wa Harrania: Historia Iliyofumwa kwa Sufu



Ndugu wazazi na wanafunzi, leo tunakumbushana habari za kijiji cha Harrania, karibu na Piramidi za Giza nchini Misri. Mwaka 1951 msanifu majengo Ramses Wissa Wassef, Mkristo wa Kikopti, alianzisha hapo kituo cha kufuma. Hakutafuta mafundi. Alichukua watoto wa wakulima, akawapa sufu iliyotiwa rangi za mimea.

Masharti yalikuwa matatu: hakuna mchoro wa kufuata, hakuna kuiga kazi za nje, wala mtu mzima haikosoi kazi ya mtoto. Watoto wakafuma walichokijua: mitende, mashamba, mifugo. Kazi zao zilionyeshwa mpaka Ulaya, na mwaka 1983 kituo kikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Wazazi watauliza: je, picha za viumbe wenye roho? Wanachuoni wamehitilafiana katika baadhi ya namna zake, lakini Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Nafasi hiyo ni pana. Shamba la migomba, kisima, nyumba ya babu, msikiti wa kwanza wa kijiji, vyote vimo.

Basi tuwaache wanafunzi wetu wawaulize wazee, kisha wasuke au wachore kwa pamoja, nasi tusiwakatize. Wazee wanaondoka, na wasiyoulizwa wanaondoka nayo.

Wabillahi tawfiq.