Sam Ntiro, Mchoraji wa Migombani

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro. Katika miaka ya 1940 alisoma Makerere, Uganda, chini ya Margaret Trowell, mwalimu aliyewataka wanafunzi wake wachore maisha ya kwao badala ya kuiga Wazungu. Ntiro naye akawa mwalimu hapo hapo. Miaka ya 1950 alikwenda London, kwenye shule ya sanaa ya Slade.

Mafunzo ya Ulaya hayakumtoa kwenye migomba ya kwao. Aliendelea kuchora watu wakilima, wakivuna, wakibeba mizigo. Mchoro wake wa mwaka 1956, unaohifadhiwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, unaonyesha wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku. Watu wake ni wadogo, nyuso hazina alama za kumtambulisha huyu wala yule, kwa kuwa kinachosimuliwa ni kazi ya pamoja. Waliomwona hana ufundi walikosea: kulirahisisha umbo kulikuwa chaguo lake.

Mkewe, Sarah Ntiro, alikuwa Mganda aliyehitimu Oxford na mtetezi wa elimu ya wasichana. Tanganyika ilipopata uhuru, Ntiro aliiwakilisha London akiwa Balozi hadi 1964. Baadaye alisimamia utamaduni serikalini, kisha akafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.